Uwiano wa kompresheni: nina namba tatu kwa injini moja, ipi niiamini?

Mwanagenzi

Habari za wakati huu, mafundi na wadau wote.

Ninaijenga upya injini ya petroli yenye silinda nne, na sitaki kufunga silindahedi (kifuniko cha juu cha silinda) kabla sijaujua uwiano wake wa kompresheni, kwa sababu bolti zikishakazwa, kosa la hesabu litakuwa limegeuka kuwa kosa la chuma. Nimekaa na karatasi kwa siku mbili, na sasa nina namba tatu zisizoelewana. Ndiyo maana naomba msaada wenu.

Vipimo vyangu ni hivi. Silinda zilikuwa na kipenyo cha milimita 86.0, zikachongwa hadi 86.5 ili kuondoa michubuko, na mwendo wa pistoni kutoka chini kabisa hadi topu ni milimita 86.0. Silindahedi ilikuwa imepinda kidogo, ikasagwa uso milimita 0.30, baada ya hapo nilipima chumba cha mwako cha silinda ya kwanza kwa kukijaza mafuta ya taa, nikapata cc 46.0. Gasketi mpya, ile inayokaa kati ya silindahedi na bloku, ina tundu la milimita 87.5 na unene wa milimita 1.2 ikishabanwa. Pistoni ikifika topu, ukingo wake unabaki milimita 0.40 chini ya uso wa bloku. Pistoni zenyewe ni mpya, zina kishimo katikati, na karatasi iliyokuja nazo inasema kwamba kishimo hicho ni cha cc 4.0 na kwamba zinatoa uwiano wa 9.5.

Hesabu niliifanya hivi: ujazo unaofagiwa na pistoni moja ni cc 505.4. Kwa upande wa nafasi inayobaki juu ya pistoni nilichukua 46.0 ya chumba, nikajumlisha 7.2 ya gasketi na 2.35 ya pengo lililo chini ya uso wa bloku, nikatoa 4.0 ya kishimo, nikapata takriban cc 51.6. Kisha nikagawanya 505.4 kwa 51.6, jibu likawa 9.8. Nililiona kuwa jibu la kuaminika, maana liko juu kidogo ya 9.5 ya karatasi, na mimi nimeongeza kipenyo na kusaga silindahedi, mambo ambayo yote mawili hupandisha uwiano.

Kilichonivuruga ni kwamba kabla ya kuifungua injini hii niliipima kwa saa ya kompresheni, ikasoma bar 11.5 katika silinda iliyokuwa nzuri kuliko zote, na fundi niliyekuwa naye akaniambia kuwa hiyo ndiyo 11.5 kwa 1. Je, namba ya kweli ni 9.5, 9.8 au 11.5? Lengo langu ni kufika karibu na 10.0 kwa petroli ya okteni 95 (kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kubanwa bila kulipuka yenyewe), na ninataka injini ya kutembelea kila siku, si ya mashindano.

Kipimo Halisi

Ndugu Mwanagenzi, hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyo uwiano wa injini yako, lakini vipimo ulivyovichukua vinatosha kuanzia, na umefanya jambo la maana sana kuuliza kabla ya kufunga.

Uwiano wa kompresheni unalinganisha nafasi mbili: nafasi yote iliyomo ndani ya silinda pistoni ikiwa chini kabisa, na nafasi inayobaki pistoni ikiwa topu. Neno la kuangaliwa hapo ni "yote". Pistoni ikiwa chini, hewa haikai tu katika zile cc 505.4 zitakazofagiwa, imejaa pia ndani ya chumba cha mwako, ndani ya tundu la gasketi na ndani ya kishimo cha pistoni. Kwa hiyo juu ya mstari wa kugawanya unaandika 505.4 pamoja na nafasi ya topu, na chini ya mstari unaandika nafasi ya topu peke yake. Wewe uliisahau ile nafasi ya topu upande wa juu, na kwa kuisahau, jibu lako lilipungua kwa 1 kamili. Ukipenda njia ya mkato, gawanya ujazo unaofagiwa kwa nafasi ya topu, kisha jumlisha 1.

Kosa la pili lilivuta kinyume. Kishimo cha pistoni ulikitoa, nadhani kwa sababu ulikiona kuwa ni upungufu, na kweli chuma kimepungua pale. Lakini sisi tunapima nafasi ya hewa, na kishimo kinaiongeza. Kinachoipunguza ni nundu, yaani pistoni ambayo katikati yake imeinuka kuliko ukingo. Kwa hiyo nafasi yako ya topu ni 46.0 na 7.2 na 2.35 na 4.0, jumla takriban cc 59.6. Gawanya 505.4 kwa 59.6 upate 8.48, jumlisha 1, uwiano ni 9.48.

Naomba utulie kidogo hapo. Kama ungekuwa na kosa la kwanza peke yake, ungepata karibu 8.5 na ungeshtuka. Kama ungekuwa na la pili peke yake, ungepata 10.8 na ungeshtuka pia. Ulipokuwa nayo yote mawili, kila moja lilimfichia mwenzake, ukapata 9.8, jibu lenye sura nzuri ambalo hata mtu mzoefu angelipitisha bila kuuliza. Ndiyo sababu mimi humtaka kila anayejenga injini aandike kila kipande cha nafasi kwenye mstari wake, na kando yake aandike kama kinaongeza au kinapunguza hewa, kabla ya kugusa kikokotoo.

Kuhusu saa ya kompresheni, ile 11.5 ni shinikizo, nayo ni kitu kingine kabisa. Hewa ikibanwa hupata joto, na joto hilo hupandisha shinikizo kuliko vile kupungua kwa nafasi peke yake kungelipandisha. Upande wa pili, valvu ya kuingiza huchelewa kufunga na kurudisha sehemu ya hewa ilikotoka, ringi huvujisha, na kuta za silinda hunyonya joto. Ukiipima injini hiyohiyo kwenye usawa wa bahari kisha juu ya mlima mrefu, saa itasoma chini zaidi kule mlimani ilhali hakuna chuma kilichobadilika. Saa hiyo inakusaidia kulinganisha silinda na silinda, na kujua ipi inavuja. Uwiano haisomi.

Sasa nina swali moja: kwa nini umepima chumba cha silinda ya kwanza tu? Vyumba vinne vya silindahedi moja havilingani kwa lazima, hasa viti vya valvu vikiwa vimewahi kukatwa upya. Valvu yenye kipenyo cha milimita 34 ikizama milimita 1 tu kuliko wenzake, inaongeza karibu cc 0.9 kwenye chumba chake. Pima vyote vinne, na uvipime kwa utulivu.

Mimi hufanya hivi. Valvu zote zinakaa mahali pake zikiwa zimepakwa grisi nyembamba sana kwenye viti, na plagi inayofungwa ni ileile itakayotumika, kwa kuwa urefu wa uzi wake unaingia katika ujazo. Nachukua kipande cha plastiki ngumu inayoonyesha, chenye tundu dogo karibu na ukingo wa chumba, nakilaza juu ya mdomo wa chumba kwa utepe wa grisi usiozidi unene wa karatasi, kisha nainamisha silindahedi kidogo ili tundu liwe mahali pa juu kuliko pote. Mafuta yanashuka kutoka kwenye bureti, ile mirija yenye alama za ujazo, polepole, na mwishoni utaona kiputo kimoja cha hewa kikiteleza chini ya plastiki kuelekea kwenye tundu. Kikitoka hicho, funga bureti, weka jicho usawa wa mafuta na usome sehemu ya chini ya ule mkunjo wa uso wake. Nikipima mara tatu na majibu yakapishana kwa zaidi ya cc 0.2, najua kuna grisi iliyoingia ndani au valvu inayovuja, na ninaanza upya.

Gasketi nayo usiihesabu kwa kipenyo kama tundu lake si duara kamili. Lichore kwenye karatasi ya grafu, uhesabu miraba, uzidishe kwa unene wa gasketi iliyobanwa. Unene wa gasketi iliyo mkononi haufai kwa hesabu hii.

Fundi Mchongaji

Mchango wa mwenzangu umenyooka, na sina la kubadilisha kwenye hesabu. Naongeza kuhusu ile cc 4.0 ya kishimo, ambayo hadi sasa sote tumeichukua kutoka kwenye karatasi.

Niliwahi kujenga injini kwa kuamini karatasi iliyokuja na pistoni. Ilisema 10.0, nami nikaifunga. Injini ilikuwa na nguvu, lakini kila ilipopewa mzigo kwenye kilima ilikuwa inagonga, sauti kama ya misumari inayotikiswa ndani ya kopo, na nilijaribu kurudisha moto nyuma, yaani kuichelewesha cheche ya plagi, bila kupona. Nilipoifungua, kingo za pistoni mbili zilikuwa zimetoboka vidoa vidogo vidogo kama chuma kilicholiwa na kutu. Nikapima kila kitu upya, nikakuta uwiano ni 11.3. Silindahedi ilikuwa imesagwa na mtu mwingine kabla haijanifikia, na ile 10.0 ya karatasi ilikuwa imehesabiwa kwa silindahedi ambayo haijaguswa. Tangu siku hiyo, uwiano ulioandikwa kwenye karatasi ya pistoni nausoma kama habari ya injini ya mtu mwingine.

Pistoni inapimwa ikiwa ndani ya silinda yake. Funga pistoni na konrodi yake (fimbo inayoiunganisha na krankishafti) ikiwa na ringi, paka grisi nyembamba kwenye ukuta wa silinda, kisha zungusha krankishafti hadi ukingo bapa wa pistoni uwe milimita 10.00 kamili chini ya uso wa bloku. Futa grisi iliyozidi. Kama pistoni yako ingekuwa bapa kabisa, nafasi iliyo juu yake ingekuwa eneo la silinda mara milimita 10, yaani cc 58.8 kwa kipenyo cha 86.5. Weka ile plastiki juu ya silinda, jaza kwa bureti. Kinachozidi 58.8 ni kishimo pamoja na vile vishimo vidogo vya valvu, ambavyo mara nyingi watu huvisahau. Pistoni yenye nundu itakupa namba iliyo chini ya 58.8, na tofauti hiyo utaitoa.

Milimita 0.40 ya chini ya uso wa bloku nayo uipime vizuri. Pistoni hutikisika kwenye pini yake, kwa hiyo ukiweka mshale wa saa ya kupimia upande wa mbele au wa nyuma wa mtikisiko, utapata namba mbili tofauti kwa pistoni ileile. Pimia juu ya mstari wa pini, pande zote mbili, kisha uchukue wastani. Fanya hivyo kwa silinda zote nne, maana uso wa bloku wa zamani huweza kuwa umelala upande mmoja.

Ipo pia nafasi nyembamba inayozunguka pistoni juu ya ringi ya kwanza. Kwa pistoni ya ukubwa huu, kama mwanya ni milimita 0.25 kila upande na kimo ni milimita 6, ni karibu cc 0.4. Inashusha uwiano wako kutoka 9.48 hadi kama 9.43. Grisi ya kipimo cha bureti inaiziba, kwa hiyo haitaonekana. Mimi huiandika, ingawa siwezi kugombana na anayeiacha.

Kuhusu kufika 10.0, njia nyepesi ni kurudisha silindahedi ikasagwe tena. Tuseme mdomo wa chumba chako una eneo la sentimita za mraba 48; unahitaji kupunguza cc 3.4, ambayo ni milimita 0.7 hivi.

Taimingi

Fundi Mchongaji, kwa heshima yote, hapo mwisho sikubaliani nawe. Sababu zangu nitazieleza kwa kirefu, kwa kuwa ndipo injini nyingi zinapoharibikia huku hesabu ikiwa sahihi.

Kwanza hesabu ya kurudi nyuma, ili mwenye swali aione. Ukitaka uwiano fulani, toa 1, kisha gawanya ujazo unaofagiwa kwa kilichobaki. Kwa 10.0 ni 505.4 kugawanya kwa 9, yaani cc 56.15. Nafasi iliyopo ni 59.6. Zinatakiwa ziondoke cc 3.4, na hapo mimi na Fundi tuko pamoja.

Swali ni ziondoke wapi. Ukizitoa kwenye silindahedi, ile bapa ya silindahedi na ukingo wa pistoni zitabaki na umbali uleule wa milimita 1.6, yaani 0.40 ya bloku na 1.2 ya gasketi. Umbali huo ni mkubwa mno. Pistoni inapokaribia topu, ukingo wake unatakiwa uibane hewa iliyo pembeni na kuisukuma kwa nguvu kuelekea katikati, penye plagi, ili mchanganyiko uchanganyike vizuri na uwake upesi. Na kile kidogo kinachobaki pembeni kiwe chembamba kiasi cha kupoozwa na chuma pande zote mbili. Mwanya ukiwa mpana, mchanganyiko unabaki pembeni ukiwa na joto, ukingoja moto wa plagi uufikie, na kabla haujafikiwa unalipuka wenyewe. Huko ndiko kugonga. Kwa hiyo unaweza kupandisha uwiano kwa namna inayokaribisha kugonga, na unaweza kuupandisha kwa namna inayofukuza kugonga, huku namba kwenye karatasi ikiwa ileile.

Kwa konrodi za chuma, mafundi wengi hulenga mwanya wa karibu milimita 1.0. Basi saga uso wa bloku milimita 0.40 ili ukingo wa pistoni ulingane nao. Hapo zimeondoka cc 2.35. Kisha tumia gasketi ya milimita 1.0 badala ya 1.2, zimeondoka nyingine 1.2. Nafasi ya topu inakuwa cc 56.0, uwiano 10.02, na mwanya ni milimita 1.0. Silindahedi hujaigusa tena, na itabaki na unene wa kusagwa siku nyingine ikipinda.

Njia hii nayo ina gharama zake. Silindahedi imeshuka milimita 0.6 kuelekea kwenye krankishafti, juu ya ile 0.30 ya mwanzo, kwa hiyo injini yenye kamshafti (shafti inayofungua valvu) juu inayoendeshwa kwa mkanda au mnyororo itakuwa na kamshafti iliyochelewa kidogo, na utahitaji gia ya kamshafti inayorekebishika ili kuirudisha mahali pake. Valvu nazo zimeisogelea pistoni. Bandika udongo laini wa kuchezea watoto kwenye vishimo vya valvu vya pistoni, funga silindahedi kwa gasketi kuukuu yenye unene uleule wa kubanwa, zungusha krankishafti mizunguko miwili kamili kwa mkono, fungua, ukate ule udongo kwa wembe na upime mahali ulipo mwembamba kuliko pote. Nataka nione angalau milimita 2.0 upande wa kuingiza na 2.5 upande wa kutoa moshi. Ukihisi krankishafti inakataa kuzunguka, usiilazimishe.

Jambo la mwisho ni kamshafti yenyewe, kwa kuwa ile 10.0 tunayoihesabu inadhania kwamba hewa inaanza kubanwa pistoni ikiwa chini kabisa, na sivyo inavyokuwa. Valvu ya kuingiza hufunga pistoni ikiwa imeshaanza kupanda. Chukua konrodi ya milimita 146 kati ya vituo vyake viwili na valvu inayofunga nyuzi 60 baada ya kikomo cha chini: pistoni itakuwa imebakiza milimita 69.3 tu kati ya 86. Ujazo unaobanwa kweli ni cc 407, na uwiano halisi wa kubana ni karibu 8.3. Valvu hiyo ikifunga nyuzi 50, imebakiza milimita 74.4, na uwiano unakuwa 8.8. Tofauti ya nyuzi 10 za krankishafti katika kufunga kwa valvu imeleta badiliko karibu sawa na la kusaga kote tulikokuwa tunabishania. Ndiyo maana anayesema "mimi natumia 11 na haigongi" lazima aulizwe ana kamshafti gani, na anayeweka kamshafti ya nyuzi nyingi bila kupandisha uwiano hupata injini nzito katika mizunguko ya chini.

Na kwa kuwa umesema ni gari la kila siku, usiutafute uwiano kama utajiri. Kwa hesabu ya mzunguko bora wa injini ya petroli, ambao haujali hasara yoyote, kutoka 9.5 hadi 10.0 kunapandisha ufanisi kutoka asilimia 59.4 hadi 60.2. Ni faida, lakini ndogo. Injini ikigonga na ukalazimika kurudisha moto nyuma, utaipoteza yote na zaidi. Hata injini ya CFR, inayotumika kupimia okteni za petroli tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, inafanya kazi kwa msingi huohuo: silinda yake huinuliwa na kushushwa ikiwa inawaka, uwiano ukienda kutoka 4 hadi 18, hadi petroli inayopimwa ifike kwenye kiwango kilichowekwa cha kugonga. Petroli ileile inakuwa tulivu kwenye uwiano mmoja na inagonga kwenye mwingine.

Fundi Mchongaji

Nimekubali, Taimingi. Milimita 1.6 niliiona kwenye vipimo vyake na sikuijumlisha. Bloku ndiyo ya kusagwa.

Mwanagenzi

Wakuu, nawashukuru sana. Nimetumia siku nzima ya jana na asubuhi ya leo kupima upya, nikiandika kila kipande kwenye mstari wake kama nilivyoelekezwa.

Pistoni ya kwanza, ikiwa milimita 10.00 chini ya uso wa bloku, ilipokea cc 63.4. Nikitoa 58.8, kishimo pamoja na vishimo vya valvu ni cc 4.6, si 4.0. Nilirudia kwa pistoni ya tatu, nikapata 63.4 tena. Kumbe karatasi ilihesabu kishimo cha katikati tu. Milimita 0.40 niliipima juu ya mstari wa pini kwa silinda zote, na zinapishana kwa 0.02 tu.

Vyumba vya mwako ndivyo vilivyonishangaza: cha kwanza 46.0, cha pili 46.3, cha tatu 45.9, na cha nne 47.1. Nilidhani nimekosea, nikakipima cha nne mara nne. Kisha nikaweka rula juu ya valvu zake nikaona kwa macho kwamba ile ya kuingiza imezama kuliko wenzake; kiti chake kiliwahi kukatwa ndani sana.

Kwa hiyo leo, bila kusaga kitu, silinda ya kwanza ina nafasi ya topu ya cc 60.2 na uwiano wa 9.40, na ya nne ina 61.3 na uwiano wa 9.25. Nikisaga bloku milimita 0.40 na kutumia gasketi ya 1.0, silinda ya kwanza inafika cc 56.6 na uwiano wa 9.93. Mimi ninaridhika na 9.93. Kinachonisumbua ni ile ya nne. Je, niviongeze vyumba vitatu kwa kuvisugua hadi vifike 47.1, au niiache ilivyo?

Kipimo Halisi

Usivisugue vitatu vizuri kwa ajili ya kimoja kibovu. Ungetupa kati ya cc 0.8 na 1.2 kwenye kila silinda, na ungelazimika kuitafuta tena kwa kusaga silindahedi, mahali ambapo tumekubaliana pasiguswe. Ugonjwa uko kwenye kiti cha valvu, basi utibiwe hapohapo: ving'olewe viti vya chumba cha nne, viwekwe vipya, vikatwe hadi valvu zikae kimo kimoja na za vyumba vingine. Hilo litarekebisha pia kimo cha ncha ya shina la valvu, ambayo kwa sasa lazima imepanda upande wa juu na itakusumbua kwenye marekebisho ya valvu hata kama usingejali uwiano.

Ukishapata viti vipya, pima chumba cha nne tena. Kikiwa ndani ya cc 0.3 ya wenzake, endelea. Tofauti ya kiasi hicho ni kama 0.05 ya uwiano, na injini ya kila siku haitaihisi.

Taimingi

Naunga mkono. Na utakapofunga silindahedi ya majaribio kwa ajili ya ule udongo, weka pia vipande vifupi vya waya laini wa kulehemu (solda), wenye unene wa milimita 1.5 hivi, kwenye ukingo wa kila pistoni, pande zote mbili juu ya mstari wa pini. Ukifungua, waya utakuwa umelazwa bapa. Upime kwa maikromita, huo ndio mwanya wako wa kweli. Ukipata chini ya milimita 0.9 kwenye silinda yoyote, tuandikie hapa kabla ya kununua gasketi ya mwisho.

Mwanagenzi

Nimeelewa. Silindahedi inakwenda kuwekewa viti vipya, na bloku inakwenda kusagwa milimita 0.40 baada ya mimi kumwandikia mchongaji kipimo hicho kwenye karatasi na kukibandika juu ya silinda ya kwanza. Zikirudi, nitapima vyumba vyote vinne tena kabla ya waya na udongo, na nitaziandika hapa namba zote, hata zile zitakazokuwa mbaya.